Mswada Kwanza: Namna ya Kuandika Kitabu, Kutunza Blogu na Kukaa na Watu

Kuna mwaka niliandika makala 64 za blogu na kurasa 11 za riwaya. Kurasa zote 11 ni za Januari. Kuanzia Februari nilikuwa nikiketi mbele ya mswada, nasoma nilipoishia, nabadilisha neno moja au mawili, kisha nafungua blogu, na huko maneno yanatiririka. Niliamini kwamba sina muda wa kutosha. Nikaanza kuamka mapema zaidi, nikapunguza usingizi, na bado mswada haukusogea.

Nilichelewa kuelewa kilichokuwa kikitokea. Mtu huandika kwa sababu ana jambo linalomkereketa kooni mpaka alitoe. Blogu inampa nafasi ya kulitoa leo hii, na kabla jua halijatua wapo waliomjibu, waliomshukuru, waliomwambia aendelee. Moyo unatua. Kesho yake akiuendea mswada anakuta lile jambo bado analijua vizuri, ila halimkereketi tena. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, nami nilikuwa nachovya kila siku kwenye buyu nililoliweka kwa ajili ya kitabu.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi kwa kugawa saa 24 katika mafungu matatu. Unaanza na maswali mawili: kipi kitangulie, na kipi kisisemwe kwa sasa. Ukishayajibu hayo, ratiba hupangika bila mapambano makubwa.

Hatua ya 1: Pima wiki mbili kabla ya kubadilisha chochote

Chukua daftari la kawaida, chora safu nne. Ya kwanza iite mswada, ya pili blogu, ya tatu watu, ya nne kuchungulia. Kila unaposhika mojawapo, andika dakika ulizotumia na hali yako wakati huo: akili ilikuwa macho, au ilikuwa imechoka.

Safu ya nne ndiyo itakayokufundisha zaidi. Kuchungulia ni kufungua takwimu za blogu kuona wangapi wamesoma, kupitia mitandao ya kijamii bila kumwandikia mtu, kufuatilia mjadala ambao huna la kuchangia. Waandishi wengi huyahesabu hayo kama kazi ya blogu, au kama kukutana na watu, kwa hiyo hawajui yanakula kiasi gani. Yaandike peke yake. Kwangu, dakika za kuchungulia zilizidi za mswada na blogu kwa pamoja, na karibu zote ziliangukia asubuhi, wakati akili iko macho.

Usijirekebishe ndani ya wiki hizo mbili. Ukianza kujibana mapema, daftari litakuonyesha mtu unayetamani kuwa, na mpango utakaoujenga juu ya mtu huyo hautadumu.

Hatua ya 2: Taja kazi mama

Andika sentensi moja inayoanza hivi: "Kazi mama yangu ni..." Kwa wengine ni riwaya, diwani, tawasifu au tafsiri. Kwa wengine ni blogu yenyewe, na hilo ni jambo la heshima kamili. Makala zilizoandikwa kwa uangalifu kwa miaka kumi ni kazi kubwa kuliko vitabu vingi. Kama wewe ni wa kundi hilo, popote niliposema mswada soma blogu, na popote niliposema blogu soma mitandao ya kijamii. Mengi yatabaki vilevile.

Kinachoumiza ni kutochagua. Asiyetaja kazi mama huifuata kazi inayompigia kelele, na mswada haupigi kelele. Haukutumii arifa. Unaweza kuuacha miezi minane usikuulize kitu.

Hatua ya 3: Mswada upate saa yako bora, hata ikiwa fupi

Rudi kwenye daftari uangalie ni wakati gani ulikuwa macho mara nyingi zaidi. Chukua dakika 45 hadi 60 katika wakati huo, siku nne au tano kwa wiki, uukabidhi mswada. Si lazima iwe alfajiri. Mwenye mtoto mchanga au zamu ya usiku hana alfajiri ya kugawa. Sharti langu ni moja: uandike kabla maneno ya watu wengine hayajaingia kichwani siku hiyo, au baada ya kujitenga nayo kidogo. Anayeandika usiku baada ya kazi aoge kwanza, au atembee dakika 20 bila simu, ndipo aketi.

Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa Posta kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, na aliacha riwaya 47. Watu hupenda kuyataja hayo maneno 250. Mimi nimejifunza zaidi kwenye jambo lake jingine: nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma alichokiandika jana yake. Usomaji huo hurudisha sauti ya kitabu masikioni, na sauti ndiyo hupotea ukikaa siku mbili tatu bila kuugusa mswada. Kwa mwenye dakika 50 nusu saa ni nyingi, dakika 8 zinatosha. Soma kurasa mbili za mwisho kwa sauti, rekebisha neno linalokukwaza, na kabla hujajua utakuwa umeshaanza kuandika.

Ukimaliza kikao, acha kitu mlangoni kwa ajili ya kesho. Andika mstari mmoja unaoelekeza panapofuata: "Anafungua barua, anakuta si mwandiko wa mama yake." Kesho hutaketi mbele ya ukurasa mtupu.

Simu ikae chumba kingine, na blogu ibaki imefungwa mpaka kikao kiishe. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha matokeo yake kuhusu mabaki ya usikivu: mtu akihama kutoka kazi ambayo haijaisha kwenda kazi nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na ile kazi ya pili haiifanyi vizuri kama angeweza. Sasa fikiria maoni ya msomaji uliyoyasoma asubuhi bila kuyajibu. Hiyo ni kazi ambayo haijaisha. Utaandika sura yako huku upande mmoja wa akili unatunga jibu. Msomaji huyo hana kosa, na anastahili kujibiwa vizuri. Ajibiwe mchana, na mtu ambaye ameshaandika.

Hatua ya 4: Tenga cha kusema na cha kutunza

Hapa nitakaa zaidi kidogo, kwa sababu ndipo waandishi wanaoblogu hupoteza vitabu vyao.

Mwaka huohuo wa 2009 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio kuhusu watu wanaotangaza nia zao. Waliona kwamba nia inayohusu kuwa mtu wa aina fulani, ikishatambuliwa na wengine, mwenye nia hiyo hupunguza bidii ya kuitekeleza kuliko yule ambaye nia yake haikutambuliwa na mtu. Kutambuliwa kunampa hisia kwamba ameshafika. Nilipoisoma kazi hiyo nilikumbuka makala yangu yenye kichwa "Ninaandika riwaya", pongezi zilizofuata, na wiki tatu za ukimya wa mswada baada yake.

Weka madaftari mawili, au mafaili mawili kwenye kompyuta. La kwanza ni la kusema, la pili ni la kutunza. Kila wazo linalokujia liingie kwenye mojawapo, na kabla ya kuliandika kwenye blogu jiulize: nikilisema hili leo, kesho nitakuwa bado nataka kuliandika kwenye kitabu? Ukisitasita tu, liende kwenye daftari la kutunza.

Riwaya yangu inahusu mlinzi wa mnara wa taa. Ili niandike aya moja kuhusu taa yenyewe, ilinibidi nisome sana. Nikajifunza kuhusu Augustin Fresnel, Mfaransa aliyebuni lenzi iliyoundwa kwa pete za vioo zinazokusanya mwanga na kuurusha mbali baharini, na kwamba lenzi yake ya kwanza iliwekwa kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Riwaya ilihitaji sentensi mbili tu kutoka kwenye yote hayo. Yaliyobaki yakawa makala tatu za blogu, nikaziandika kwa furaha, na mswada haukupungukiwa kitu. Watu waliozisoma walikuja kuupenda ulimwengu wa kitabu changu bila mimi kuwaambia kisa.

Nisichokisema popote ni kwa nini yule mlinzi anakataa kushuka mnarani. Hilo limo kwenye daftari la kutunza. Mke wangu halijui.

Kwa hiyo blogu ina mengi ya kula pasipo kukigusa kiini cha kitabu. Ina mabaki ya utafiti. Ina mambo ya ufundi uliyojifunza kwenye kazi ambayo umeshaimaliza (tafadhali usifundishe ufundi wa sura ambayo bado unahangaika nayo, utajifunga na kanuni uliyoitangaza mapema). Ina maswali ambayo wasomaji wamekuuliza zaidi ya mara moja. Ina kazi za waandishi wengine, na hapa pana utajiri usioisha, kwa sababu kueleza kwa nini ukurasa wa mtu mwingine umekushika ni mazoezi mazuri kwako na zawadi kwake. Kilicho cha kutunza ni muhtasari wa kisa, mhusika ambaye bado unamtafuta, na lile jeraha au lile swali lililokufanya uanze kuandika.

Utaniambia kuna waliochapisha riwaya nzima mtandaoni na wakafanikiwa. Ni kweli. Andy Weir wa Marekani alianza mwaka 2009 kuweka kwenye tovuti yake, sura baada ya sura, riwaya ya mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars. Wasomaji waliojua kemia na fizikia wakamsahihisha alipokosea, na mwaka 2014 ikatolewa na mchapishaji mkubwa. Lakini angalia alichokiweka. Aliweka riwaya yenyewe, sura zilizokwisha kuandikwa, na hamu yake ya kusimulia ikaishia ndani ya kisa. Kinachofilisi mswada ni kuuzungumzia, kuufupisha na kuuahidi.

Ukitaka kufuata njia hiyo, zingatia kwanza suala la haki. Mashindano mengi na majarida mengi huihesabu kazi iliyowekwa kwenye blogu kuwa imeshachapishwa, na huikataa. Soma masharti kabla ya kuweka hata shairi moja. Kufuta baadaye hakusaidii kila mara, maana kazi ilishatoka hadharani.

Hatua ya 5: Ipe blogu kipimo inachoweza kukitimiza hata wiki mbaya

Chagua mwendo ambao ungeuweza ukiwa na mafua. Kwangu ni makala moja kila wiki mbili. Msomaji anayekupenda hatakuacha kwa sababu umeandika mara mbili kwa mwezi. Atakuacha ukianza kumpa makala zilizoandikwa ili tarehe isipite.

Kila makala ijibu swali moja. Liandike swali hilo juu ya ukurasa kabla hujaanza, na ukimaliza, futa kila aya isiyolijibu. Jiwekee dakika 90 za rasimu, iache ilale angalau usiku mmoja, siku nyingine irekebishe kwa nusu saa au zaidi, kisha iweke kwenye foleni ya kuchapishwa yenyewe. Kichwa kiseme kilichomo ndani. Usipande moja kwa moja kutoka rasimu hadi hadharani, hata ukiwa na uhakika kiasi gani.

Akiba haiozi. Kabla ya kuanza mpango huu andika makala tatu na usizichapishe. Hizo tatu ni mwezi mmoja na nusu wa utulivu. Ukiugua, ukifiwa, au mswada ukianza kwenda kasi na hutaki kuukatiza, unatoa moja, na ukipata nafasi unajaza pengo lake.

Kazi yako iwe na makao ambayo ni yako. GeoCities, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, ilikuwa na kurasa za mamilioni ya watu na ikafungwa mwaka 2009. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Waliokuwa wameandika humo tu ilibidi wahamishe kazi zao kabla ya siku ya kufunga au wazipoteze. Nunua jina la tovuti, weka nakala ya kila makala kwenye kompyuta yako na nyingine mahali pengine, na wape wasomaji njia ya kupokea makala kwa barua pepe. Mitandao ya kijamii ibaki kuwa njia ya kuwaleta watu nyumbani kwako.

Hatua ya 6: Kutana na watu kwa majina yao

Hadhira ni idadi. Watu ni yule aliyekuandikia mwezi jana kwamba alisoma makala yako hospitalini akimuuguza baba yake. Ukiwaweka wote kwenye kapu moja utaishia kuhudumia idadi, na idadi haishibi.

Malenga wetu walikuwa wakijibizana magazetini. Mmoja anatoa shairi lenye swali, mwingine wa mji wa mbali analijibu kwa bahari ileile, yaani aina ileile ya shairi, na vina vilevile. Huwezi kulijibu shairi kwa vina vyake bila kulisoma kwa makini, ubeti kwa ubeti. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo ninapomwandikia mtu: jibu langu lioneshe kwamba nimesoma.

Chukua karatasi, andika majina 12 ya watu ambao kazi zao unazijali kwa dhati. Wawili watatu wawe wamekutangulia sana, wengi wawe wa rika lako katika uandishi, na wawili watatu wawe ndio kwanza wanaanza. Hao ndio watu wako kwa mwaka huu. Soma wanachotoa. Waandikie, si kila wanapotoa kitu, ila unapokuwa na la kusema.

"Kazi nzuri sana, hongera" ni salamu, na salamu ni njema, lakini haifungui mazungumzo. Linganisha na hii: "Nimesoma kisa chako cha yule bibi anayepanga viti kila jioni. Pale uliposema kiti cha nne hakina mtu ila kinafutwa vumbi, nilirudia aya nzima. Ulijua tangu mwanzo ni cha nani, au ulikigundua ukiwa katikati?" Imetaja mahali, imeeleza kilichotokea kwa msomaji, imeuliza swali moja ambalo mwandishi pekee ndiye anayeweza kulijibu. Dakika tano za kuandika hivyo huzaa urafiki ambao mamia ya alama za kupenda hayauzai.

Kwa aliyekutangulia sana, andika kwa ufupi, mshukuru kwa jambo mahususi, na usimwambatishie mswada. Asipojibu, usimkumbushe. Kwa anayeanza, jibu hata kama ni mistari mitatu. Nakumbuka hadi sasa mtu wa kwanza aliyenijibu.

Majibu ya maoni na barua yapangie nafasi mbili kwa wiki, dakika 40 kila moja. Watu hawaudhiki kusubiri siku tatu wakipata jibu lenye moyo. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali sehemu kubwa ya maisha yake, akiandika mashairi na nathari pembeni ya kazi hiyo, na bado alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Barua za kati ya 1931 na 1958 zimehifadhiwa na kuchapishwa. Ninapohisi kwamba jibu langu la siku ya nne limechelewa, huwa nazifikiria barua hizo, na siku zilizokuwa zikipita njiani kabla barua haijamfikia mwenyewe.

Miongoni mwa wale 12, tafuta mmoja au wawili wa kubadilishana nao rasimu. Anzeni na kurasa kumi kwa kumi na tarehe ya kurudisha. Muulize mambo matatu tu: wapi ulichoka, wapi ulipotea, na unadhani nini kitafuata? Usimwombe akwambie kama ni nzuri. Akishakujibu, kaa siku tatu kabla ya kujieleza. Mara nyingi siku ya tatu unakuta huna haja ya kujieleza, una haja ya kurekebisha.

Na utalazimika kukataa baadhi ya maombi, hasa blogu ikishajulikana. Kukataa kwa heshima kunafundishika. Mimi huandika hivi: "Ndugu yangu, asante kwa kuniamini na mswada wako. Hadi mwisho wa mwezi wa saba namalizia kitabu na sisomi rasimu za wengine, kwa sababu nisingekusoma inavyostahili. Ukipenda, nitumie kurasa kumi za mwanzo mwezi wa nane, pamoja na swali moja unalotaka nilijibu." Umesema hapana ya leo, umetaja sababu ya kweli, umeacha mlango wazi kwa kiasi unachokiweza. Kama huna nia ya kusoma hata mwezi wa nane, usiahidi.

Hatua ya 7: Maneno makali

Aliyesema jambo la kweli kwa ukali, chukua jambo, mshukuru, acha ukali. Asiyekubaliana nawe kwa hoja, mjibu mara moja kwa hoja kisha umwachie neno la mwisho. Anayetukana, mfute usimjibu. Yote matatu yasubiri hadi kesho yake, na kamwe yasiwe kabla ya kikao cha mswada.

Hatua ya 8: Wiki yenyewe

Hii ndiyo wiki yangu ya kawaida, nayo unaweza kuigeuza upendavyo mradi mpangilio wa kipi kinatangulia ubaki. Jumatatu hadi Ijumaa, dakika 50 za mswada kila siku, kabla ya kitu kingine chochote chenye maandishi ya watu. Jumatano jioni, dakika 40 za watu: majibu ya maoni, barua moja au mbili kwa wale 12. Jumamosi dakika 90 za blogu, wiki hii rasimu, wiki ijayo marekebisho na kupanga foleni. Jumapili jioni dakika 40 nyingine za watu, na hapo ndipo ninaporuhusu kutazama takwimu, mara moja, kwa dakika tano. Jumla ni saa 7.

Kusoma vitabu sikukuingiza humo. Kusoma ni kama kupumua kwa mwandishi, na siamini katika kukupangia saa. Ila kusipoonekana kabisa kwa wiki kadhaa, punguza blogu ukurudishe.

Hatua ya 9: Misimu ambayo ratiba haitafaa

Unapomalizia rasimu, wiki nne hadi sita za mwisho, funga blogu waziwazi. Andika mistari miwili: narudi tarehe fulani, namalizia kazi. Wasomaji hufurahi kuambiwa. Ukimya usio na taarifa ndio huwafanya wadhani umeondoka. Kumbuka tu kutosimulia unachokimalizia.

Kitabu kinapotoka, geuza mpango mzima. Kwa miezi miwili au mitatu watu na blogu vichukue saa ile bora, na mswada mpya ubaki na dakika 15 za kuandika chochote kwenye daftari la kutunza. Usijilaumu. Kitabu kilichokwisha kinahitaji mtu wa kukishika mkono hadi kwa wasomaji, na hakuna atakayekifanyia hivyo kwa upendo kama wewe.

Ukiugua au ukifiwa, acha vyote isipokuwa watu, na hata hao wakati huo ni wao wa kukuandikia wewe. Utakaporudi, rudi kwa kuandika. Makala ya kuomba radhi kwa kutoonekana haimsaidii msomaji, na mara nyingi huwa ndiyo ya mwisho, kwa sababu inamwekea mwandishi deni jipya.

Kila baada ya miezi mitatu fungua tena daftari la safu nne, pima wiki moja. Ukikuta safu ya mswada ina siku nne tupu mfululizo, kitu cha kwanza kupunguza ni kuchungulia, cha pili blogu. Zile barua za watu 12 usiziguse mpaka pasiwe na kingine cha kupunguza.

Mwaka uliofuata ule wa makala 64, nilichapisha makala 22 na kumaliza rasimu ya kurasa 214. Mmoja wa wale 12 aliisoma kumi kwa kumi. Alipofika ukurasa wa 90 aliniandikia kwamba kitabu kinapaswa kuanza usiku ule taa inapozimika, na sura mbili zilizotangulia zirudi nyuma. Alikuwa sahihi. Chini ya barua aliongeza swali: huyu mlinzi, kwa nini hashuki? Sikumjibu. Niliweka barua yake kando ya daftari la kutunza, na asubuhi yake nikaenda kuiandika sura yenye jibu.